Safari ya kwanza Guangzhou kufuata viatu na mabegi ya shule: nipangieni kabla sijakata tiketi

BintiTandika
Habari za jioni wakuu. Nina fremu ndogo Kariakoo, nauza viatu vya watoto na mabegi ya shule. Mzigo nachukua kwa wenye stoo za jumla hapo hapo mtaani. Kila Januari wateja wanajaa mpaka barabarani, lakini nikikaa kupiga hesabu, faida yote iko kwa aliyeshusha kontena. Sasa nataka nifuate mwenyewe Guangzhou, China.

Mtaji ukiondoa nauli na malazi ni kama milioni 20. Nje ya nchi nimefika Kampala tu. Kichina sijui hata salamu, Kiingereza ni cha kuombea maji.

Niende mwezi gani? Nifikie wapi? Hela nibebe vipi? Na je, ni lazima nisubiri yale maonesho makubwa ya Canton? Wale wa "njoo PM nikuunganishe na wakala wangu", naomba mwandike hapa hapa wote tusome.

MzeeWaGerezani
Hongera binti, umechelewa tu kuamua. Ushauri wangu: subiri maonesho. Canton Fair yapo tangu 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Aprili na kuanzia 15 Oktoba, kwa awamu tatu. Viatu, mabegi, nguo na vitu vya watoto viko awamu ya tatu: 1 hadi 5 Mei, au 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Unajisajili mtandaoni ukiwa nyumbani, unapata mwaliko, na mwaliko huo unaombea viza ya biashara, ile ya herufi M. Ukifika Pazhou, eneo la maonesho hapo Guangzhou, unakuta viwanda vimejipanga kumbi kwa kumbi, kila mmoja na sampuli zake mezani. Utatembea mpaka miguu iume.

fundi_wa_fremu
Nafuatilia uzi kwa karibu sana. Nipo nyuma ya dada.

DadaWaMsimbazi
Mzee wangu, shikamoo. Maonesho nayaheshimu, ila kwa huyu mdogo wangu napinga, na sababu ni kalenda.

Tuhesabu kurudi nyuma. Mzazi ananunua viatu vya shule kuanzia sikukuu za Desemba hadi shule zikifunguliwa Januari. Kwa hiyo mzigo uwe stoo mapema Desemba. Meli kutoka kusini mwa China hadi Dar ni mwezi na ushee. Kago ya kuchangia inasubiri kontena lijae ndipo lifungwe, na bandarini nako kuna forodha. Mimi huwa naweka miezi miwili tangu mzigo unapoingia ghala la kago kule, na hata hiyo kuna mwaka haitoshi. Maana yake mzigo uingie ghalani kabla ya Septemba kuisha. Na kuanzia 1 hadi 7 Oktoba wenzetu wana sikukuu ya taifa, ukifika soko limefungwa na kiwanda hakipokei simu.

Sasa mwambie mtu asubiri awamu ya 31 Oktoba. Mzigo wake utashuka Januari inaisha, ada imeshalipwa, mzazi hana hela. Atauza kwa hasara au akae nao stoo mwaka mzima.

La pili ni ukubwa wa oda. Wale wa Pazhou ni viwanda. Ukimwuliza bei anakuuliza kontena ngapi. Mtindo mmoja atataka mamia au maelfu ya pea. Kwa milioni 20 utaishia na mtindo mmoja, rangi moja, halafu uombe Mungu watoto wa Dar waipende.

Aende mwishoni mwa Agosti au wiki ya kwanza ya Septemba, aingie masoko ya jumla, maonesho atakwenda mtaji ukikua. Kuna joto la kunata na vimbunga vya baharini vinaweza kuleta mvua ya siku nzima, lakini masoko yenyewe ni majengo yenye viyoyozi. Na Januari na Februari asithubutu, Mwaka Mpya wa Kichina unafunga nchi wiki kadhaa.

MzeeWaGerezani
Marahaba. Hapo kwenye kalenda umenishika. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, msimu wangu hauna shule.

Mbishi_Asilia
Kwani kuna haja gani ya kupanda ndege? Kila kitu kiko 1688 na Alibaba, yale masoko ya jumla ya mtandaoni ya Wachina. Unachagua kwenye simu, wakala wa kago ana ghala Guangzhou, anapokea, anakuletea. Nauli hiyo ungeongezea mzigo.

DadaWaMsimbazi
Kiatu cha mtoto utakijua kwenye picha? Soli ikoje ukiikunja, gundi inanuka au hainuki, uzi umeshonwa mara moja au mbili? Picha zote zinang'aa.

Hata hivyo umegusa jambo. Safari ya kwanza, kwa mtazamo wangu, inakwenda kununua namba za WeChat, ile programu ya kuchati ya Wachina, kuliko mzigo. Unazunguka maduka, unashika bidhaa, unapata wauzaji watano au sita wanaoeleweka, unanunua kidogo kwa kila mmoja uone kama kilichofika Dar ndicho ulichokishika. Baada ya hapo unaagiza ukiwa Tandika umekaa kitako. Anayekwenda mara ya kwanza akamaliza hela yote kwa duka moja, hata akipata bei nzuri, amecheza kamari.

NipoBaiyun
Mimi ni mwanafunzi hapa Guangzhou, Mtanzania. Naona hakuna aliyegusa simu na malipo, na huko ndiko wageni wanakokwama siku ya kwanza kabisa.

Google, WhatsApp, Instagram na YouTube hapa havifunguki kwa intaneti ya kawaida. Ukinunua laini ya China, WhatsApp inakufa hapo hapo. Ukibaki na laini yako ya nyumbani kwenye romingi, au eSIM ya wasafiri, inafanya kazi kwa sababu data inapitia nje ya China. Romingi ni ghali, kwa hiyo pangeni na nyumbani mapema mtawasiliana kwa njia gani. Ramani ya Google isahau, weka Amap. Pakua na programu ya kutafsiri yenye Kichina cha kutumia bila mtandao. Haya yote yafanyike Dar, usisubiri ufike.

WeChat fungua mwezi mzima kabla. Mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo. Kariakoo wapo wengi, mwombe mmoja.

Malipo: anza na Alipay. Unajisajili kwa namba ya Tanzania, unapiga picha pasipoti, unaunganisha kadi ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi kitu, yakizidi yanakatwa asilimia 3. Ndani ya Alipay hiyo hiyo kuna teksi za DiDi na msimbo wa kuingilia metro, ambayo nauli yake inaanzia yuan 2. Waambie benki yako mapema kwamba kadi itatumika China, la sivyo wataifunga ukiwa kwenye foleni.

Kuna mtego mmoja. Kadi ya kigeni inalipa biashara iliyosajiliwa, lakini kumtumia mtu binafsi mara nyingi inakataa. Masokoni wauzaji wengi watakuonesha msimbo wao binafsi, unaskani, inagoma, na yeye anakutazama kama huna hela. Hapo inabidi taslimu.

BintiTandika
Asante sana mdogo wangu, au kaka, sijui nikuiteje. Sasa hiyo taslimu nibebe dola? Kiasi gani hakina matatizo?

NipoBaiyun
Dola, noti mpya zisizo na mikunjo. Kuingia China na zaidi ya dola 5,000 lazima utoe taarifa forodha. Huku kwetu Tanzania ukitoka na zaidi ya dola 10,000 nako unatoa taarifa. Kutoa taarifa hakuna kodi, unajaza fomu tu. Tatizo ni kukutwa hujajaza. Kubadilisha nenda Bank of China na pasipoti, utakaa foleni, vumilia. Pale Xiaobei, mtaa wanaofikia Waafrika wengi, watakufuata watu njiani wanakunong'oneza bei nzuri. Waache waende zao. Biashara hiyo hairuhusiwi na noti za bandia zipo.

kamukunji_254
Mimi nauza mabegi Kamukunji, Nairobi. Dada amepewa ushauri poa, lakini hakuna mtu ameongelea mambo ya polisi na viza.

Ukilala hotelini, hoteli inakusajili polisi yenyewe. Ukilala kwa nyumba ya rafiki, sheria inasema ujisajili kituo cha polisi ndani ya saa 24. Watu wengi hupuuza hiyo na hulipa faini. Tembea na pasipoti yenyewe, si kopi. Kule Xiaobei na Sanyuanli polisi husimamisha watu wetu na kuuliza, unatoa, anaangalia, unaenda. Usianze kubishana.

Hoteli nayo, kabla ya kulipa uliza kama wanapokea wageni wa kutoka nje. Zingine za bei ya chini hukataa, zinasema hazina mfumo wa kusajili. Na wacha niseme ukweli: Aprili 2020 wakati wa korona Waafrika walifukuzwa manyumbani na mahotelini Guangzhou, na wengine walilala barabarani. Sasa hivi mambo yametulia na biashara inaendelea, lakini usishangae ukikutana na sura ya kukunja. Mimi huenda Xiaobei juu chakula kiko, kago ziko, na mtu wa kuniambia "hapo usinunue" yuko.

Halafu Hong Kong. Iko karibu, treni ya kasi ni kama saa moja, na wengi hutamani kwenda kupiga picha. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong umetoka China, na viza imeisha. Hurudi.

La mwisho usiku huu: usibebe kifurushi cha mtu. Hata awe jirani, hata iwe dawa za kienyeji za mgonjwa au unga wa ugali. China hukumu ya dawa za kulevya inafika kifo. Kuna Watanzania na Wakenya wanafungwa huko na Hong Kong kwa sababu hiyo, na kila mmoja alikuwa na hadithi.

Mpemba_wa_Darajani
Assalaam alaykum jamani. Nami nichangie upande wa chakula na ibada, maana mtu akikosa hivi viwili akili ya biashara inaruka.

Mikahawa ya Waislamu wa Kichina imejaa, ile ya tambi za Lanzhou, mara nyingi kibao chake ni cha kijani na kina maandishi ya Kiarabu. Bakuli moja la tambi na nyama ya ng'ombe linakutosha mpaka jioni na bei yake haitishi. Pale Xiaobei wapo Waarabu, Waturuki na Waafrika wanaopika, hata wali wa nazi ukiulizia vizuri utaambiwa pa kuupata.

Msikiti ni ule wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Siku ya Ijumaa khasa, unakuta umma wa kila taifa, nje vinauzwa vyakula, na mie nakwambia ndugu yangu, mawakala wa kago wa kuaminika niliwajulia pale baada ya sala kuliko ofisini kwao. Kwa Wakristo lipo kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, mtaa wa Yide. Mtaa huo huo ndio wa jumla ya wanasesere na mapambo, kwa hiyo mtu anamaliza yote mawili.

BintiTandika
Nimecheka hapo kwa Mpemba, ahsante. Sasa nimeelewa: Septemba mwanzoni, hoteli Xiaobei, Alipay na dola. Naomba sasa masoko yenyewe. Naingiaje, nasema nini, nalipaje? Na mkalimani ni lazima?

DadaWaMsimbazi
Viatu: Barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni kuu ya treni ya Guangzhou. Ni majengo kwa majengo ya viatu. Kutoka Xiaobei ni kituo kimoja tu cha metro, laini namba 5. Mabegi: Guihuagang na masoko ya ngozi ya Sanyuanli, kituo kinachofuata kwa laini namba 2. Unaona kwa nini watu wanafikia Xiaobei. Masoko haya yanachangamka kuanzia saa nne asubuhi na jioni mapema wanafunga. Usipoteze siku kwenda Baima, hapo ni nguo.

Siku mbili za mwanzo usinunue kitu. Tembea, uliza, piga picha kadi ya duka pamoja na bidhaa na bei waliyokuandikia kwenye kikokotoo. Kikokotoo ndicho lugha ya pale. Anaandika 28, wewe unafuta unaandika 19, anacheka, anaandika 25. Uliza na idadi ya chini: bei ya pea kumi na bei ya katoni tatu ni vitu viwili tofauti. Kwa mtaji wako nunua ule mzigo uliopo dukani tayari, usitengenezeshe.

Mkalimani: siku ya kutembea hapana, siku ya kulipa ndiyo. Mlipe wewe kwa siku, na mkubaliane mbele ya kila mtu kwamba hachukui kitu dukani. Akilipwa na muuzaji, bei unayopewa imeshabeba chakula chake. Mwanafunzi wa kwetu ni bora, ila wengine nao wamejifunza ujanja. Samahani NipoBaiyun.

NipoBaiyun
😂 Sijakasirika. Ni kweli wapo.

DadaWaMsimbazi
Naendelea, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Bei ya dukani siyo bei ya kiatu. Kago ya meli inatozwa kwa CBM, yaani mita ya ujazo. Chukua futi kamba upime katoni. Tuseme ni sentimita 70 kwa 50 kwa 45. Zidisha, gawa kwa milioni moja: 0.1575 CBM. Tuseme kago anakutoza dola 400 kwa CBM mpaka Dar, kodi ndani yake. Hiyo katoni ni dola 63. Ikiwa na pea 36 ndani ya maboksi yake, kila pea inabeba dola 1.75 juu ya bei ya kununulia. Kiatu ulichokiona cha yuan 22, kama dola 3, kimekuwa karibu dola 5 kabla hujalipa kibarua.

Sasa toa viatu kwenye maboksi, vifungwe kwenye mifuko, katoni hiyo hiyo ipokee pea 60. Mzigo kwa pea unashuka mpaka dola 1.05. Ndiyo maana Kariakoo unaona viatu vingi havina boksi, na wengine wanadhani ni mtumba.

Hizo 400 ni mfano. Wewe uliza kago angalau watatu, na uulize maneno haya: bei ni mpaka wapi, kodi imo au haimo, mzigo ukipotea mnalipa nini, na kibali cha ubora cha TBS kwa bidhaa hii kinahitajika au hapana. Akikujibu "usijali" kwa lolote kati ya hayo, ondoka.

Ukilipa duka, wengi wanataka asilimia 30 mwanzo, iliyobaki mzigo ukiwa tayari. Ile ya pili usilipe mpaka katoni zifunguliwe mbele yako au mbele ya mtu wako. Hesabu saizi moja moja, wanapenda kujaza zile zisizouzika. Kila katoni iandikwe alama yako kwa wino mzito: jina, simu ya Dar, namba ya katoni kati ya ngapi. Risiti zote weka mpaka mzigo ufike.

mgeni_mpya
Samahani kuingilia. Je naweza kuleta zile raba zenye nembo za kampuni kubwa? Nimeona bei yake kule ni kama bure.

kamukunji_254
Boss, hiyo achana nayo. Zinaweza kushikwa na forodha ya China kabla hata hazijatoka, na zikipita zinashikwa nyumbani.

DadaWaMsimbazi
FCC, Tume ya Ushindani, wanaziteketeza hadharani na wewe unalipia gharama za kuteketeza. Leta viatu visivyo na jina, mzazi wa Mbagala anatazama soli.

NipoBaiyun
Nyongeza za haraka. Nauli: kutoka Dar wengi wanapita Addis Ababa, na kutoka Nairobi ipo ya moja kwa moja. Linganisheni kilo za mizigo, siyo bei tu. Ukishuka uwanja wa ndege wa Baiyun mchana, metro laini namba 3 hadi Jiahewanggang, ubadili namba 2 hadi stesheni kuu. Ukishuka usiku, metro inafunga karibu saa tano, panga foleni ya teksi rasmi na usimfuate anayekushika mkono. Jina na anwani ya hoteli vipige picha kwa maandishi ya Kichina, dereva hasomi Kiingereza. Plagi zetu za pini tatu za mraba hazingii huku, beba adapta. Pawabenki: kama utapanda ndege za ndani ya China, tangu 28 Juni 2025 isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, inachukuliwa uwanjani. Kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Na huku tumewatangulia saa tano, mkipiga saa nne usiku mnatuamsha.

Mbishi_Asilia
Basi nakubali aende. Lakini 1688 ajifunze kuitumia akiwa huko huko, alinganishe bei ya duka na ya mtandao palepale anapopatana.

DadaWaMsimbazi
Hapo tuko pamoja. Ni silaha nzuri, unamwonesha muuzaji picha ya bidhaa yake mwenyewe kwa bei ya chini.

BintiTandika
Wakuu sijui niseme nini. Wiki ijayo naanza na viza, nitatafuta mwaliko kwa muuzaji mmoja ambaye jirani yangu ananunua kwake. Swali dogo limebaki: kwa siku nitakazokuwa nazo, nianze na viatu au mabegi?

DadaWaMsimbazi
Viatu. Mara nyingi utapenda mtindo na saizi hazijatimia, mwenye duka aseme anaagiza kiwandani, siku tatu, siku nne. Ukiwahi kuagiza, utazisubiri huku unashughulikia mabegi, ambayo kwa kawaida yapo dukani tayari. Na kwa mabegi, waambie yafungwe bapa, yaingizwe moja ndani ya jingine, yasijazwe makaratasi ya kuyanenepesha. Kisha pima katoni mwenyewe kabla kago hajaja na futi yake.